Mfalme wa Mwisho Mkebeni

Kashojwa, Nakivale
12 Februari 1984

Mwanangu Safiyah,

Assalaam alaikum. Natumai u mzima, na mumeo Kasim, na mama mkwe wako Hajati Saudah. Mimi mzima, isipokuwa goti la kushoto, na goti hilo unalijua, halikunipa raha hata tulipokuwa na nyumba ya bati.

Ni mwaka na miezi minne tangu Wanyarwanda tufukuzwe na kuletwa huku kambini. Nashona viraka vya watu kwa mkono. Siku nyingine jua linatua sijasema na mtu ila sufuria.

Sasa sikiliza. Ule mkebe wa biskuti niliokuachia una sarafu saba za fedha za wafalme wa Ureno. Mbili alinipa Bwana Menezes, karani wa Kigoa niliyekuwa namshonea suruali, alipoondoka Mbarara mwaka wa sabini na mbili. Tano nilizitafuta mwenyewe, nyingine nikimnyang'anya mfua fedha kabla hajazigeuza bangili. Nitumie, lakini moja moja, kila moja na barua yake, kwa mkono wa Sulait, dereva wa lori la posho linalokuja Alhamisi. Askari wa kizuizi cha barabarani wakizikuta zote saba watadhani ni utajiri. Niandikie jina la mfalme na mwaka wake. Nitamngojea Sulait barabarani mwenyewe.

Baba yako,
Nasuru


Kamukuzi, Mbarara
29 Februari 1984

Shikamoo baba,

Sisi wazima, pole na goti. Nina habari: nina mimba ya miezi sita.

Nakutumia wa kwanza, na si mfalme, ni malkia: Maria wa Pili, 1851. Alikuwa mweusi kama chungu, nikaona haya kukupelekea kitu kichafu. Nimemsugua kwa majivu na ndimu mpaka amewaka. Utafurahi.

Mwanao,
Safiyah


Kashojwa
8 Machi 1984

Safiyah!

Salamu kwanza, maana hasira si sababu ya kukosa adabu. Habari ya mimba imenitoa machozi hapo hapo barabarani, Sulait akidhani nimefiwa.

Halafu nikafungua kitambaa. Mwanangu, umemnyoa malkia! Msuko wote umekwisha, na pua imebaki nusu. Sarafu ya zamani haisuguliwi. Weusi ule ndio umri wake. Bwana Menezes alikuwa akizishika pembeni tu, kwa ncha za vidole, kama mtu anayeshika chapati ya moto. Kosa ni langu, nilikufundisha kusugua sufuria, hili sikukufundisha. Waliobaki waache na uchafu wao.

Wao nitawafunga kwenye kitambaa. Huyu kipara wako namtia mfukoni, kwa kuwa ana kazi ya mikono yako.

Baba yako,
Nasuru


Kamukuzi
13 Juni 1984

Shikamoo baba,

Umepata mjukuu, msichana, tangu tarehe 29 Mei. Anaitwa Jaliah. Analia kwa sauti nene kama karani wa kodi.

Huyu ni wa sita: Carlos na mkewe Amélia, 1898. Sijawagusa hata kwa pumzi. Mkebeni amebaki mmoja.

Mwanao,
Safiyah


Kashojwa
21 Juni 1984

Mwanangu,

Alhamdulillahi! Carlos na mkewe wamefika salama, uso kando ya uso. Nimeanza kumshonea Jaliah gauni.

Huyo wa mwisho usimtume. Nitakuja kumchukua mwenyewe nimwone mtoto. Sulait amekubali nikae naye mbele. Wewe nitajie siku tu.

Na nikuambie ukweli. Sikuomba moja moja kwa sababu ya askari. Sarafu saba zikija pamoja, barua ni moja. Mimi nilitaka barua saba.

Baba yako,
Nasuru


Kamukuzi
29 Agosti 1984

Shikamoo baba,

Nisamehe miezi miwili ya kimya. Nilianza barua hii mara nyingi nikachana.

Baba, usije. Mwaka ule wa kufukuzwa watu walipita nyumba kwa nyumba wakiuliza nani ana ndugu Wanyarwanda. Niliogopa kufukuzwa na mimi. Nikasema ulifariki njiani. Kasim peke yake ndiye anayejua. Mama mkwe alikulilia, akachinja mbuzi, akaita masheikh wakakusomea khitma. Nilikaa mkekani nikaitikia amin. Nikala na pilau. Mwaka jana akarudia.

Ukitokea mlangoni nitamwambia nini? Naona aibu hata kuandika.

Mwanao,
Safiyah


Kashojwa
6 Septemba 1984

Safiyah,

Waalaikum salaam. Barua nimeipokea, na dua pia. Pengine ndizo zinazonitembeza na goti hili. Pilau ilikuwa na nyama ya kutosha? Namjua Hajati, hana mkono wa birika.

Kuogopa sikulaumu. Mimi mwenyewe nilikimbia na mkasi nikaacha cherehani. Lakini imeniuma, mwanangu. Muda wote huu nimeishi hapa nikijua kuna nyumba moja Mbarara ninakotajwa kama mtu anayeweza kurudi.

Sarafu ya mwisho, ya Manuel, yule mfalme kijana aliyefukuzwa kwao akafia ugenini, ibaki kwako. Ni urithi wa Jaliah. Gauni analo Sulait. Tena usijisumbue, maiti haandikiwi barua.

Marehemu baba yako,
Nasuru


Kamukuzi
10 Oktoba 1984

Shikamoo baba,

Barua mbili hujanijibu. Sulait anasema huji tena barabarani, unamtuma jirani yako Kezironi. "Muzee yako iko muzima," anasema, "lakini hataki kuongea."

Gauni limemkaa Jaliah vizuri. Umeacha upindo mrefu ili akue nalo. Nimeuona upindo huo nikalia.

Mwanao,
Safiyah


Kamukuzi
24 Oktoba 1984

Shikamoo baba,

Jumapili mama mkwe alileta mbuzi uani kwa khitma ya mwaka huu. Akanipa kalamu nimwandikie sheikh majina yako kamili. Nikaiweka chini. Nikasema mbele ya akina mama waliokuwa wakichambua mchele: baba yangu yu hai, yuko Nakivale, na gauni alilovaa huyu mtoto amelishona yeye.

Mama mmoja aliinuka akaondoka na ungo wake. Hajati akakaa juu ya gunia. "Banange! Sasa mimi nilikuwa nasomea nani?" Akaagiza mbuzi achinjwe hivyo hivyo. Majirani watafanya nini sijui, na bado naogopa. Lakini leo asubuhi Hajati ameingia jikoni na paja la mbuzi, amelikausha kwa moshi. "Pelekea huyo mutu wako," akasema. "Mbuzi ni yake."

Manuel nimemfunga kwenye ncha ya kanga yangu. Sijamsugua. Lori litakuja Alhamisi ijayo, tarehe mosi, na Sulait amekubali nikae naye mbele. Baba, siku hiyo usimtume Kezironi. Jikaze na goti, uje barabarani mwenyewe. Safari hii hakuna bahasha.

Mwanao,
Safiyah