Lamani

Kigera, Jumanne

Hasira bado haijanitoka. Ripoti za mradi wa visima tulizohamishia kwenye kompyuta mpya zilikuwa zinafunguka bila ramani, maana kila moja ilitafuta ramani zake mahali zilipokuwaga kwenye mashine ya zamani. Nikarekebisha moja moja njia ya kila ripoti kufikia ramani zake, jina la folda nikaandika RAMANI. Zikagoma. Mpaka nilipokumbuka kwamba folda hiyo aliifungua mzee Magesa, bosi wetu aliyestaafu, na yeye alikuwa anasemaga "lamani". Nikaandika LAMANI. Zikafunguka zote! Nilicheka peke yangu.

Halafu wafadhili wakafika, na bosi mpya akaita, "Bhoke, njoo uwaonyeshe."

Bhoke! Mwenzangu wa meza ya jirani, asubuhi tu aliniambia, "Achana na hiyo mashine, dada, itakuzeesha." Akakaa kwenye kiti changu, akamwaga Kiingereza chake, wakampigia makofi. Mimi nimesimama mlangoni na trei ya soda.

Anatakiwa mtu mmoja wa kwenda mafunzo Mwanza. Sasa wanamjua yeye.

Nilimwomba Mungu umeme ukatike. Unavyokatikaga kila siku, leo ukawaka mpaka jioni.