Kapteni Aliyerudi Uyole

Atupele, mpwa wangu,

Nimo kwenye lile grupu lenu la wapenzi wa tamthilia ya chombo cha angani. Hukujua, eh? Fundi simu wa hapa Uyole aliniunga, nikakaa kimya kama simo, nasoma tu. Wiki nzima mnagombania ile sehemu ya Krismasi: kapteni alifanya sawa kuzima redio binti yake alipomwita, au alikuwa mama katili? Wengine wanamtetea kwamba alikuwa anaokoa dunia. Mmoja akaandika, "Dunia gani, aliichoka familia tu." Nikampenda huyo.

Ndipo ukaingia wewe, kutoka chumba chako cha Mlandege. "Jamani, mimi mpaka nafika chuo huku Iringa nilijua kapteni alirudi nyumbani! Mjomba wangu ndiye alikuwa anatutafsiria kwenye kibanda cha video. Kaishia darasa la nne, Kiingereza anabahatisha, Uyole nzima katulisha uongo." Wakacheka. Mwingine akasema, "Mlete atutafsirie na bajeti." Ukamjibu, "Atasema tumegawiwa ng'ombe."

Sawa, mama. Nichekeni.

Lakini ungewaambia ni mjomba wa namna gani. Nikishika maiki mimi, madereva wa malori ya Zambia walikuwa wanazima injini barabarani, foleni inafika Igurusi. Mchungaji mwenyewe aliniomba nimfundishe kupandisha sauti. Mzungu mmoja, mtafiti wa viazi, alisikiliza tafsiri yangu akakiri kwamba hiyo ni tamu kuliko yao. Na wewe ulikuwa benchi la mbele, miguu haifiki chini, unanibishia: "Mjomba, si jana ulisema huyo alikufa?" Nakwambia, "Huko angani kufa ni kama malaria, mtu anapona." Unaitikia kwa kichwa, tunaendelea.

Sasa sikia habari ya Krismasi ile. Ulivaa gauni la njano, ukatoka ibadani moja kwa moja hadi stendi, unamngoja mama yako atoke Mgololo. Kila basi likisimama, na wewe unasimama. Mimi dada yangu alikuwa ameshanipigia simu asubuhi. Haji. Ameolewa huko, na mume hajui kama ana mtoto. Akasema, "Utamwambia wewe kaka, wewe ndiye mwenye maneno." Maneno! Nilikufuata stendi, na mdomo huu uliosimamisha malori ukagoma. Nikakushika mkono, nikakuleta kibandani.

Sijui ni shetani gani aliyeniwekea CD ile siku ile. Mtoto wa kapteni anaita kwenye redio, analia. Kapteni anamsikiliza, anazima, anageuza chombo kwenda sayari nyingine yenye taa. Nikakuona umeng'ang'ania pindo la gauni. Nikapiga kelele kwenye maiki, "Zile taa ni za kwao! Anarudi! Alichelewa njiani tu!" Kibanda kizima makofi. Watu wazima walifuta machozi, na hapo sitii chumvi.

Wewe ukatoka mbio, ukarudi stendi. Ulikaa pale hadi basi la mwisho, unatabasamu.

Hilo ndilo kosa langu, na hujaliandika kwenye grupu. Umeandika Kiingereza changu. Ni kweli, sehemu zote zile nyingine nilibahatisha. Ya Krismasi niliielewa mwanzo hadi mwisho.

Miaka yote sikukwambia alichosema mama yako kwenye simu. Uliacha tu kuuliza, nami nikashukuru. Leo nakuandikia nikiwa na hasira, ndiyo maana nimeweza.

Krismasi hii hujasema kama utakuja. Mwaka jana ulisema mitihani, mwaka juzi mvua. Ukija, shuka Uyole, nitakuwa stendi. Usipokuja, watu wakiniuliza, nitawaambia umechelewa njiani tu.

Mjomba wako,
yule wa maiki