Nilikwenda Malaysia Ili Niachwe Nyumbani

Mama Ekal,

Nakusalimu, ejok. Hii barua naandika mwenyewe, hakuna mtu ameshika mkono wangu. Herufi nilizipata ngumbaru kwa Kiswahili, wewe ukiwa benchi la nyuma unanicheka, kwa hivyo nivumilie nisipokuandikia kwa lugha yetu. Nimekaa kando ya mawe yako. Yule mbuzi wako mweusi wa pembe moja amezaa mapacha, wote majike. Nilitaka uanze na hiyo.

Sasa la pili. Nimetoka Malaysia. Usishtuke. Nilienda peke yangu na nikarudi peke yangu, na wazee wa Kakuma wote waulizwe kama kuna mwingine. Hakuna. Hata vijana hakuna.

Ni hivi. Watu wa matanga walipoondoka, Ekal alituita kwake Lodwar. Mtoto wako siku hizi ni mtu wa ofisi, anaongea kama anasoma ubao. Akasema baba hawezi kubaki peke yake huku ng'ambo ya laga, mto wa mchanga unaofurika bila taarifa, sasa mama hayuko. Ahamie kwake kwenye nyumba ya mawe, mbuzi wagawanywe. Mabinti wakakubali kwa kichwa. Nikawauliza, na mama yenu atabaki na nani?

Mke wa Ekal alikuwa anaangalia simu. Msichana fulani, begi mgongoni, anatembea pwani ya mbali huko Asia, mji mdogo unaitwa Cherating. Nikauliza amepelekwa na nani. Wakaniambia ni watu wanaozunguka dunia peke yao kwa pesa kidogo, wanalala popote, hawana mwenyeji. Nikasema basi hao ni wachungaji ambao mifugo yao imeisha. Wakacheka sana. Nikangoja wamalize. Nikasema, nikifika pale alipo huyo msichana, na nikarudi bila mtu wa hapa kunifuata wala kunisaidia, mtaniacha nyumbani kwangu? Ekal alikuwa bado anacheka. Akasema ndiyo, mbele ya dada zake. Nikiita msaada hata mara moja, nahamia Lodwar. Neno likatoka hivyo.

Wewe unanijua. Niliuza ngamia dume, yule mkorofi, usimlilie. Pasipoti nilienda kuchukua Eldoret. Yule Mkongo wa saiba, kwenye kompyuta zake, alinikatia tiketi ya chini kuliko zote, ya kulala njiani kwenye uwanja wa ndege wa Waarabu. Kisu changu cha kuvaa mkononi niliacha nyumbani, fimbo wakaniachia. Na pale uwanjani, Mama Ekal, ningependa ungekuwepo. Vijana wenye mabegi wamelala sakafuni, shingo zimepinda kama za kuku. Mimi nikatoa ekicholong yangu, nikaweka chini ya kichwa, nikalala kama niko kwangu. Nilipoamka msichana mmoja mzungu akaomba ajaribu. Alikoroma mpaka ndege yake ikaitwa, karibu aondoke na kigoda changu.

Nilifika. Basi moja, basi lingine, halafu mguu. Huko kunatoa jasho hata ukikaa kimya. Mbuzi wao wamenona, hawajui kutembea. Chai wanaimwaga kutoka juu, kikombe mpaka kikombe, na maziwa ni ya mkebe. Nililala kwenye kibanda cha mbao cha mama mmoja anaitwa Rohani, mtu wa umri wako, kitambaa kichwani. Salamu yake niliijibu vizuri kwa sababu ni ile ya Wasomali wa maduka ya hapa. Baada ya hapo tuliongea kwa mikono.

Sasa sikiliza kosa langu. Ziwa letu likikasirika linapiga, lakini halihami. Bahari ile inahama. Niliamka nikakuta imerudi nyuma mbali, imeacha mchanga mpana na mgumu, laga kabisa. Katikati kuna jiwe lenye kivuli. Mimi, ninayefokea watoto kila mwaka wasilale kwenye laga hata mbingu ikiwa nyeupe, nikaweka ekicholong pale, begi pembeni, nikasinzia. Niliamshwa na maji mgongoni. Kigoda nilikishika. Begi hakuna.

Ndani ya begi kulikuwa na pasipoti, tiketi na simu. Nikasimama maji kiunoni. Mama Ekal, sikufikiria begi. Niliona Ekal anashuka kwenye ndege kunichukua kama mtoto aliyepotea sokoni. Niliona haya mawe ya kaburi lako, na mbuzi wa watu wengine wanapita juu yake, na mimi niko Lodwar nyuma ya geti. Nilishindwa hata kutoka majini.

Rohani alikuja mbio, akanitoa kwa kunivuta shati. Akatia simu yake mkononi mwangu, akaonyesha kwa kiganja urefu wa mtoto. Piga kwa mtoto wako. Nikakataa. Akaonyesha tena. Nikakataa tena. Akanitazama vile ulivyokuwa unanitazama nikikataa dawa, kisha akaokota kifuu cha nazi, akakitupa majini, akaninyooshea kidole nikifuate.

Hapo tulielewana. Tulikifuata kifuu kama unavyofuata mbuzi aliyepotea, bila kumharakisha, yeye na kitambaa chake, mimi na fimbo yangu. Maji yalivivuta vitu vyote upande mmoja, mpaka mahali mto unaingia baharini, kwenye miti inayosimama kwa mizizi kwenye tope. Begi lilikuwa limenaswa pale.

Simu ilikuwa imekufa. Nguo zote chumvi. Lakini pasipoti na tiketi vilikuwa vikavu. Unajua kwa nini. Ile mara laga iliingia ndani ya nyumba, ulikuwa umefunga kipande changu cha kitambulisho na kadi za kliniki za watoto kwenye nailoni, mafundo matatu, na mimi nikakucheka. Ukaniambia, "Maji hayajui kusoma, yanajua kula tu." Nilifunga vile vile. Nilifunga bila hata kufikiria.

Nikakaa kwenye tope nikalitaja jina lako kwa sauti. Rohani akauliza kwa mkono, ni nani? Nikaonyesha ardhi. Akaonyesha ardhi naye, kwa ajili ya marehemu wake. Nikaona nimbariki huyu mama. Nikachukua maji mdomoni nikampulizia kama mzee anavyobariki. Lo, aliruka. Akajifuta uso na kitambaa, nadhani alitaka kunirudisha baharini. Nikainua mikono juu aone ni maombi. Akasema amina, lakini toka siku hiyo alinipa chai akiwa amesimama mbali kidogo.

Nilirudi njia ile ile. Kwa sababu simu ilikufa, hapa walikuwa wameshaniomboleza. Sikupitia kwa Ekal Lodwar. Alinikuta hapa nakamua.

"Baba, tulidhani umekufa."

Nikamwambia wanaokufa ni wale wanaosubiri kuletewa maji. Hakucheka. Alisimama pale, macho mekundu, na nikaona ana uso wako. Akasema neno lake analishika. Halafu akauliza, polepole, si kama mtu wa ofisi:

"Na ukianguka hapa peke yako?"

Nikamwambia, "Nitaangukia karibu naye."

Akavua viatu vyake vya kung'aa, akaanza kurudisha mawe yako yaliyosukumwa na mbuzi, moja moja, bila mtu kumwambia. Mimi nikaendelea kukamua. Tulimaliza pamoja.

Simu mpya ameniletea na nimekubali kuibeba. Hiyo moja tu.

Sasa nakuaga kwa leo, Akiru. Nakuahidi dawa ya presha nitameza, hata siku nisipotaka, kwa sababu sina haraka ya kuja huko na wewe hupendi mgeni anayekuja kabla ya kuitwa. Wale mapacha nitawakuza. Kila asubuhi, kabla sijafungua zizi, nitapita kwako kwanza.

Lala. Mimi nipo hapa.

Mume wako