Tarehe 12 ya Mama

Jumatano, 18 Novemba 1964. Uriri.
Insha za darasa la nne bado. Nimesahihisha nusu, nikaacha. Odhiambo alipita shuleni saa ya chai akitokea Migori, anacheka peke yake. Pasta amekubali kutufungisha ndoa tarehe 12 Desemba. Siku hiyo nchi inakuwa jamhuri, na mwaka jana siku hiyohiyo tulipata uhuru. Anasema hata wajukuu hawataisahau harusi yetu. Nikasema vizuri. Sijui kwa nini nilisema vizuri.

Ijumaa, 20 Novemba.
Usingizi hakuna. Tarehe 12 Desemba ndiyo aliyokufa Baba. Odhiambo anajua Baba alifariki mwaka jana, tarehe haijui.

Majirani wote walikuwa wameshika njia ya Homa Bay kwa sherehe. Nyumbani tulibaki Mama na mimi, na Baba kitandani. Mchana akakata roho. Mama akatoka uani, akapiga yowe. Waliokuwa wakipita barabarani wakadhani anashangilia Uhuru. Wakamjibu kwa vigelegele. Wakapunga matawi, wakaenda zao. Akalia tena, wengine wakajibu vilevile.

Sijawahi kuliandika jambo hili. Bado nina hasira. Sijui nimkasirikie nani.

Jumapili, 22 Novemba. Nyumbani, karibu na Homa Bay.
Nimemwambia Mama. Alikuwa anaanika omena, dagaa wetu wa ziwani, na hakuinua kichwa. Nilingoja. Akamaliza turubai zima.
"Olewa, nyathina, mwanangu," akasema. "Mimi sitakuja."
Hakugombana nami. Afadhali angegombana.

Jumatano, 25 Novemba. Uriri.
Nimemweleza Odhiambo yote. Kisha akaanza: wajomba wameshaambiwa, fahali ameshachaguliwa, lori limeahidiwa. Mwishoni akasema nchi nzima haiwezi kulia kwa ajili ya nyumba moja. Nilimtazama kama mtu nisiyemjua. Nikamwomba aende. Akaenda.

Jumamosi, 28 Novemba.
Kimya. Nimefagia nyumba mara mbili. Nimekwenda sokoni kununua chumvi, nikarudi bila chumvi. Shule imefungwa, kwa hiyo hata watoto wa kunichosha hawapo. Nikiolewa siku hiyo nampoteza Mama. Nikikataa, huenda nikampoteza Odhiambo. Nampenda. Hilo ndilo linaloniudhi.

Jumanne, 1 Desemba.
Odhiambo amekuja, viatu vimejaa matope mpaka juu. Ametoka kwa Mama. Alikwenda peke yake, bila kuniambia, bila mjomba wa kumsemea. Anasema alimwomba Mama amwonyeshe mahali aliposimama siku ile. Mama akampeleka uani, akamwonyesha. Wakasimama hapo wote wawili. Pale barabara inaonekana wazi, anasema, hata nyuso za watu unaziona.
Nikamuuliza Mama alisema nini.
"Hakusema kitu. Mimi ndiye niliyesema. Tutaoana tarehe 19."
Nililia mbele yake. Sikujali.

Ijumaa, 4 Desemba.
Mjomba mkubwa wa Odhiambo hataki kumwona. Anasema bwana harusi anayeongozwa na mama mkwe kabla ya ndoa amekwisha. Pasta naye hakufurahi, ila ameandika tarehe mpya. Odhiambo amekonda. Ananijibu kwa mkato. Naogopa siku moja atanidai haya yote.

Jumamosi, 12 Desemba. Nyumbani.
Tangu asubuhi malori yanapita kwenda Homa Bay, bendera, ngoma, watoto wamening'inia. Mama ameshika jembe, anapalilia maharagwe karibu na kaburi la Baba. Nikachukua jembe la pili. Odhiambo alifika, akavua koti, naye akalima. Analima vibaya, ukarani umemlegeza mikono. Kila kigelegele kikitoka barabarani Mama anasimama kidogo, halafu anaendelea. Mimi nilitaka kukimbia, sijui wapi.

Saa sita hivi akaingia Min Akinyi, yaani mama yake Akinyi, jirani wa ng'ambo ya kijito. Alikuwa amevaa nguo ya sikukuu. Akasimama mwisho wa tuta.
"Mwaka jana nilikusikia," akamwambia Mama. "Nikadhani unashangilia. Nikakujibu."
"Najua. Niliijua sauti yako."
Nilidhani Mama atamfukuza. Min Akinyi alikaa chini, kwenye udongo, na nguo yake ileile, akaanza kulia kwa sauti, kama mtu aliyefika matangani siku ya kwanza. Mama akamwacha alie. Baadaye akaketi kando yake, akalia pia. Odhiambo akavua kofia. Barabarani watu walipita. Wawili waligeuza shingo, wakaona, wakaacha kuimba.

Jumapili, 13 Desemba.
Mvua kidogo alfajiri. Ziwa limetulia. Mama amelala mpaka jua kutoka, jambo ambalo sijaliona mwaka mzima. Alipoamka akauliza Odhiambo anapenda samaki gani. Nikasema ngege, wa kukaanga.

Akasema atatafuta ngege wakubwa, wa tarehe 19.