Slabu ya Bluu Mlangoni mwa Mama

Baba yangu,

Mvua imenyesha hapa Sigowet tangu saa nane, na ua wako wa slabu umeyanywa maji yote. Nimecheka peke yangu, kisha nikakukumbuka, nikachukua kalamu.

Unaikumbuka mvua ya El Nino? Mama aliteleza uani mara tatu akipeleka majani ya chai kwenye kituo cha kuuzia. Mara ya tatu kikapu kilimwagika topeni na karani akayakataa majani. Alirudi na matope hadi kwenye kitambaa cha kichwa, akakwambia kwa upole uliotutisha sote, "Baba Chebet, nikianguka hapa tena, naenda kwetu Chebunyo. Na ng'ombe naenda nayo."

Ulijua hatanii. Kesho yake ukaanza kuokota mifuko ya plastiki sokoni, hata ukiwa na suti ya kanisani, na majirani wakaficha ndoo zao. Uliyeyusha takataka hizo kwenye nusu pipa nyuma ya zizi, ukakoroga kwa mwiko wa ugali, ukachanganya na mchanga. Slabu za kwanza, vigae vya kutandaza uani, zilitoka ngumu, hazina hata tundu. Maji yalisimama juu yake na bata wa jirani wakahamia kwetu. Mama alipowaona bata, alianza kufungasha nguo.

Hata hivyo alipika chai kwanza. Alipokuwa akiichuja, ulinishika mkono. "Angalia, Chebet. Majani inabaki, maji inapita."

Ukaachana na mchanga, ukatumia kokoto tupu, plastiki ikizishikanisha tu, na matundu yakabaki. Ulipofika slabu ya mwisho, ile ya mlangoni, plastiki iliisha. Ukachukua beseni la bluu la Mama, zawadi ya harusi yenu, ukaliyeyusha.

Maji yalipita. Mama alibaki, lakini kuhusu beseni lile hakukusamehe. Miaka yote, kila asubuhi, alitoka jikoni akaikanyaga slabu ya bluu kwa kisigino, makusudi kabisa, nawe ukijifanya unasoma gazeti.

Siku tuliyokuzika mvua ilinyesha pia, na waombolezaji walirudi kwao na viatu safi. Ungejisifu mpaka tukuchoke. Nimekukosa sana, Baba, hata ule moshi wako wa plastiki unaonuka nautamani.

Tangu siku hiyo Mama anaizunguka slabu ya bluu. Jana niliikanyaga bila kufikiri, akanivuta mkono.

"Toa mguu hapo," akasema. "Hiyo ni ya baba yako."

Pumzika, Baba. Sisi huku hatutelezi.

Binti yako,
Chebet