Kiboko Asiye na Mto

Jumatano, 4 Februari

Nimepata kazi. Niandike bila kuzungukazunguka, maana hapa hakuna wa kumridhisha: mimi, mhitimu wa falsafa wa daraja la kwanza, ni kiboko. Kiboko wa bustani ya michezo, mwenye tabasamu la kitambaa na meno mawili ya sponji. Wajibu wangu ni kutembea baina ya gurudumu kubwa na farasi wa kuzunguka, kupunga mkono, kukumbatia watoto na kupigwa nao picha.

Meneja alinisomea kanuni. Kichwa hakivuliwi mbele ya watoto. Na kiboko hasemi.

Hata neno moja? nikauliza.

"Umewahi kumsikia kiboko akiongea?"

Nikamjibu kwamba wala sijawahi kumwona kiboko aliyevaa fulana ya mistari. Hakucheka. Ni mtu wa tai na viatu vya kung'aa. Joto lote hili, na tai hajailegeza hata kidogo!

Mama nimemwambia nimeajiriwa katika mahusiano na wageni. Si uongo. Ni ufupisho.

Alhamisi, 5 Februari

Jua limeketi juu ya bustani kama mgeni asiyejua kuaga. Viti vya gurudumu vinaunguza mapaja. Mtelezo wa bati umefungwa kamba tangu mtoto mmoja alipoteremka akilia badala ya kucheka. Na ndani ya kiboko kuna sponji, kitambaa kizito, sponji tena — kisha mimi.

Naiona dunia kupitia mdomoni, penye wavu mweusi, kwa hiyo naijua kwa viuno vyake tu. Ndiyo sababu nina wa kuniongoza. Fundi. Dada huyu ndiye aliyemshona kiboko kwa mikono yake, na sasa humshika mkono na kumtembeza. Ananiita Profesa, na si kwa heshima.

Leo nilimweleza, kwa mnong'ono na kwa lugha ya kiungwana, kwamba alichoshona ni tanuri. Akasimama katikati ya njia.

"Nimeshona kiboko. Aliyekuwamo kabla yako hakulalamika."

"Yuko wapi sasa?"

"Aliacha kazi."

Nikatembea kwa ushindi. Hatua chache mbele nikagonga nguzo kwa pua. Anadai hakukusudia.

Jumamosi, 7 Februari

Siku ya fedheha! Mpinzani wangu wa midahalo chuoni, yule ambaye hajawahi kuisoma rejea hata moja mpaka mwisho, alikuja na mchumba wake. Akanikumbatia kwa ajili ya picha. Hakunijua, ashukuriwe aliyeshona kichwa hiki.

Mchumba akanihurumia: maskini, humo ndani si ataiva?

"Joto ni mtazamo tu," akasema bwana yule, kwapa lake begani pangu. "Kinachochemka ni akili, si mwili."

Hoja yenye nyufa za kupitisha lori! Nami nilikuwa na majibu yote, yamejipanga mdomoni — na mdomo si wangu. Nikapiga mguu chini. Nikatikisa kichwa mpaka masikio yakavuma. Watoto wakashangilia, wakadhani ni ngoma. Fundi akanibana mkono: tulia, Profesa, tulia.

Nyuma ya stoo, kichwa kilipovuliwa, nilimwaga hoja nzima mbele yake, kuanzia msingi hadi hitimisho. Alisikiliza kweli. Hata hakutazama pembeni. Kisha akaninyooshea chupa.

"Umemaliza? Sasa kunywa."

Sijui kwa nini sentensi hiyo bado inanizunguka kichwani.

Jumapili, 8 Februari

Watu wanakuja asubuhi na kufikia adhuhuri wamekwisha kukimbia. Gurudumu lilizunguka mchana kutwa bila abiria, kama mtu anayejisemea peke yake. Meneja alisimama getini akitazama migongo ya wanaoondoka.

Nyumbani, Mama alikuwa akikamua fulana yangu kwenye beseni.

"Wageni gani hao, mwanangu, ambao ukihusiana nao fulana inarudi hivi?"

Nikasema ofisi haina feni. Akaniambia mchumia juani hulia kivulini. Nikamhoji: methali hiyo inachukulia kwamba kivuli kipo, je, pasipo na kivuli, mchumaji ale wapi?

"Basi kitafute, baba, badala ya kunibishia mimi."

Jumanne, 10 Februari

Meneja ametuita, mimi na Fundi. Amesema kwa ufupi, kama anayesoma kibao: ikiwa hadi Jumapili kiboko hajawafanya watu wabaki baada ya adhuhuri, kiboko anaingia stoo na milango inafungwa nyuma yake. Mnyama akiondoka, anayemwongoza na kumshona ana kazi gani tena? Hiyo hakuisema. Haikuhitaji kusemwa.

Nilipaswa kufurahi. Si nilikuwa natafuta sababu ya kutoka humo ndani? Lakini Fundi alirudi stoo, akachukua sindano, akaanza kushona sikio ambalo halikuchanika. Sikufurahi hata chembe.

Nimepata mpango. Barafu! Mifuko ya barafu kwapani, mgongoni na tumboni. Kiboko aliyepoa atacheza mchana kutwa, na kiboko anayecheza haachwi peke yake.

Fundi: "Barafu inayeyuka."

Nikamwambia kwamba hilo hufundishwa tangu shule ya msingi.

"Shuleni walikuambia maji yake yanakwenda wapi?"

Nikamweleza kuhusu uwezo wa sponji kufyonza. Akainua nyusi, akaniachia.

Alhamisi, 12 Februari

Ee!

Niandike kwa utaratibu. Mwanzoni ilikuwa pepo. Nilirukaruka, nilizunguka na farasi, nilimpungia hata mfagiaji. Kisha fundo la mfuko wa mgongoni likalegea, na la pili likalifuata lenzake. Sponji ikafyonza ilivyoweza, ikashiba. Maji yakatafuta njia, nayo njia ilikuwa mshono wa nyuma, chini ya mkia.

 Halafu sauti ya mtoto wa kike, kali kama filimbi:

"Mama! Kiboko anakojoa!"

Bustani nzima ilicheka. Gurudumu lenyewe, naapa. Na mimi sikuruhusiwa kujitetea kwa neno moja! Meneja akaja mbio, tai imemrukia begani.

Lakini kuna jambo nililiona kupitia mdomoni. Watoto hawakukimbia. Walikuja nyuma yangu, wakavua ndala na kuziweka nyayo zao chini ya mkia. "Ya baridi! Njoo, ya baridi!" Mama mmoja akalowesha kitambaa akajipangusa shingo, akitazama kando kama ambaye hajui maji yanatoka wapi. Walinifuata mpaka mlango wa stoo.

"Maji yakimwagika hayazoleki," alisema Meneja. "Kiboko basi." Akaondoka.

Fundi alicheka mpaka akaketi sakafuni. Nikamwacha acheke, alikuwa na haki. Ghafla akainuka, akachungulia nje.

"Profesa. Saa ngapi?"

"Saa nane."

"Bado wapo."

Nikachungulia nami. Kweli, walikuwa wamekaa chini, nyayo zikiwa kwenye kidimbwi nilichokiacha, wakikataa kwenda nyumbani. Na nyuma yao, karibu na chumba cha mashine ya gurudumu, kulikuwa na bwawa la boti za watoto, lile lililofungwa boti zilipoharibika. Ukuta wa mashine hulitupia kivuli kuanzia adhuhuri.

"Kiboko huishi wapi?" nikauliza.

 Fundi alikuwa ameshaanza kuvaa viatu.

Ijumaa, 13 Februari

Nimebishana na Meneja. Niligawa hoja katika sehemu, nikatoa mifano, nikatabiri pingamizi zake na kuzijibu kabla hajazitoa. Alikataa sehemu moja baada ya nyingine. Maji machafu. Sakafu inateleza. Kiboko ataharibika. Jasho lilimshuka kutoka kipajini hadi kwenye kola, naye akajifanya halipo.

Nikaishiwa. Mimi! Basi nikauliza swali tu, bila mtego ndani yake: wewe mwenyewe huoni joto?

"Mimi ni meneja."

"Meneja haoni joto?"

"Meneja haonyeshi."

 Akageukia dirisha.

"Jumapili nilishawapa. Mkiharibu, mmeharibu siku yenu. Lakini bwawa liwe safi, na likaushwe kabisa kabla sijaliona limejaa."

Alasiri yote tulisugua bwawa, Fundi upande ule, mimi upande huu. Kisha akamweka kiboko mezani na kuanza kumfumua. Sponji aliyoishona mwenyewe, tabaka kwa tabaka, alikuwa akiitoa. Nilijua inamuuma. Nilikuwa na la kusema juu ya uumbaji na uumbuaji, na huenda lilikuwa zuri.

"Shika hapa," akasema. "Usiseme kitu."

Nikashika. Sikusema. Kanuni ya pili si ngumu kama nilivyodhani.

Jumapili, 15 Februari

Naandika nyuma ya chumba cha mashine, kichwa cha kiboko magotini, karatasi inalowa. Mapumziko mafupi.

Leo ndilo joto kuu la msimu. Hata ndege wamejificha. Kiboko mpya ni wa wavu mwepesi, mdomo mpana wa kupitisha upepo. Niliingia bwawani asubuhi, maji mapya yakinifika magotini, na kwa muda mrefu nilikuwa peke yangu. Kiboko katika maji, na hakuna anayemjali! Watu walijibanza chini ya paa la tiketi. Fundi alisimama ukingoni akikunja na kukunjua taulo ileile.

Ndipo akaja yule mwenye sauti ya filimbi. Akanikagua nyuma. Akawageukia wenzake, akatangaza:

"Leo yuko kwake!"

Akaingia. Wakaingia.

Kati ya miguu na vicheko nikaona, kwa kimo changu cha viuno, mwavuli ninaoujua. Mama! Sikumwalika. Alisimama ukingoni, akaniinamia mdomoni.

"Ndiyo haya mahusiano na wageni?"

Kiboko hasemi. Nikapunga mkono.

"Mwendo wa baba yako huo, hata ukivaa mkia." Akavua ndala, akaketi, akatumbukiza miguu na kushusha pumzi ndefu. "Angalau kivuli umekipata."

Adhuhuri imepita sasa. Kivuli cha ukuta kimelifunika bwawa lote. Nachungulia kwenye ufa wa ukuta: hawajaondoka. Wengine ndiyo kwanza wanaingia, wamebeba chakula chao. Mama anamfundisha mtu asiyemjua namna ya kukamua fulana.

Na Meneja amesimama ukingoni. Amesimama hapo kitambo. Hajasema ndiyo, hajasema hapana. Kola imelowa kabisa.

Fundi amekuja. Ananikumbusha kwamba mapumziko yamekwisha, watoto wananiulizia. Namwambia angoje, atazame. Anainama kwenye ufa kando yangu, bega lake kwenye bega langu lililolowa, wala haliondoi.

Meneja anatazama kulia. Kushoto. Analegeza tai.

Anainamia kamba za viatu.

"Maji ukiyavulia nguo…" ananong'ona Fundi.

Viatu, namsahihisha. Kwa usahihi, amevua—

"Nyamaza. Kiboko hasemi."

Kiatu kimoja kimetoka. Amekishika mkononi, hajui pa kukiweka. Mama anamnyooshea mkono akipokee. Sasa soksi —