Kwa Menradi, Uliyejua Kuanguka

Mdogo wangu Menradi,

Kamwene. Najua hutaniitikia, lakini mama alitukataza kuanza maneno kabla ya salamu, na leo nina maneno mengi.

Tangu tulipokuzika kule Matamba, Jumapili zimekuwa ndefu. Natoka misa ya kwanza, nachemsha chai, nakaa na simu mezani. Shemeji yako yuko Mbeya kwa binti yetu, analea mjukuu, na huwa ananipigia jioni kuniuliza kama nimekula. Saa nne asubuhi ilikuwa saa yako. Wewe hukuwa mtu wa kupiga simu na kuuliza hali. Ulianzia katikati, kana kwamba tumeachana dakika ile ile: "Kaka, umemwona Simenti jana? Amepiga ngumi tatu pambano zima, na watu wamesimama juu ya viti. Ngumi tatu!"

Nami nakujibu, "Kama watu wamesimama juu ya viti, amekosea nini?"

Basi tumeshaingia. Salio linakwisha, unaongeza, unapiga tena na kuendelea pale pale ulipoishia. Ubishi ule ule, miaka na miaka: mwanamieleka bora ni yupi, anayejua kazi au anayejaza ukumbi?

Unakumbuka tulivyoyapata majina yale? Ya kwao wenyewe yalitushinda kutamka. Simenti alikuwa lile pande la mtu lisilogeuza shingo, linalotembea kama linasukumwa na tela. Fundi Cherehani alikuwa yule mwembamba, aliyeunganisha mtego na mtego kama anashona, usione uzi ulipoishia. Tuliwaona mara ya kwanza kwenye kibanda cha video cha Mzee Shabani, yule Mrangi wa Kondoa aliyekuwa na Fuso lake hapa Makambako. Sisi tulikuwa tumetoka kijijini, kwenye mashamba ya wazazi wetu karibu na misheni nje ya Njombe, tumekuja kupakia mbao. Kutwa tunabeba misonobari, jioni tunakaa kwenye benchi la kibanda, mabega yananuka utomvu.

Kibanda kizima kilikuwa cha Simenti. Madereva, wapakiaji, wauza viazi, na mimi. Wewe ulikaa upande wa pili peke yako, na hukuona haya.

"Nyie mnamwangalia anayerusha," ulituambia. "Mwangalieni anayerushwa. Mtu mzito akikosea kidogo tu, mwenzake hatembei tena. Fundi Cherehani amerusha watu miaka yote hii, na wote kesho yake wako kazini. Huo ndio ufundi."

"Hakuna mtu atakayepanda basi kutoka Ilembula kuja kumwangalia mtu anayeanguka vizuri," nikasema, na kibanda kikacheka.

Mzee Shabani akaniunga mkono. "Mimi ndiye ninayekaa mlangoni. Simenti akiwepo, mabenchi hayatoshi."

"Na ile siku Simenti alipokutana na mzembe mwenzake, Mzee, watu si walitoka kabla pambano halijaisha?"

Mzee Shabani akajikuna kidevu. Dereva mmoja akaropoka kwamba kwanza yote ni uongo, wale watu hupanga. Ukamgeukia taratibu. "Hata harusi hupangwa. Nenda kamwambie bibi harusi kwamba ni uongo."

Siku hiyo nilicheka pamoja nao. Lakini moyoni niliona kwamba umetushinda, na sikupenda.

Kisha Mzee Shabani akapata wazo lake. Sikukuu zilikuwa zinakuja, na nyuma ya kibanda kulikuwa na uwanja mtupu. Tukapanga magunia ya maranda kutoka kiwanda cha mbao, juu yake tukatandika turubai la Fuso, tukasimamisha nguzo nne za msonobari na kuzizungushia kamba za kufungia mizigo. Mimi nilikuwa mrefu, kifua kipana, sauti kubwa. Nikaitwa Tingatinga. Wewe, uliyenifikia begani, ukajipa jina mwenyewe. Ukasema, "Mimi nitakuwa Kibaka."

Nilidhani umejidharau. Kumbe ulikuwa umeshapiga hesabu zako zote. Siku ya kwanza kabisa uliingia kwa kuwapita akina mama waliosimama mbele, ukamnyang'anya mmoja kanga yake, ukajifutia nayo jasho la kwapani na kuitupa chini. Menradi! Kelele zilizopigwa pale zilisikika hadi stesheni. Mama yule alikupiga na kabichi. Nilipoingia mimi sikuhitaji kufanya lolote. Nilinyoosha mkono tu, nikamrudishia kanga yake, na tangu siku hiyo nikawa mtu wa watu.

Mazoezini ulinifundisha kila kitu. Ulinipangia wapi pa kukushika, wapi pa kukuachia. Ulisema nikubebe kama debe la mayai, nikuangushe kama debe la misumari. Alama yetu ilikuwa ndogo, hakuna aliyeiona: ukiniminya kiganja mara mbili, uko tayari. Mara moja, nisiendelee, nikushushe. Nami kila pambano nilikurusha, ukaruka mbali kuliko nguvu zangu zilivyoweza kukufikisha, ukajikunja hewani, turubai likalia kama mlango wa lori, ukabaki chini unagaagaa. Watu wakasema, "Huyu Tingatinga ana nguvu za ajabu!" Nikawaamini.

Walikuja kutoka Wanging'ombe, kutoka Njombe mjini, wamejaa kwenye magari ya viazi. Ukienda kula kwa mama ntilie anakufukuza, "Toka hapa, Kibaka!" halafu anakupakulia maharage huku anacheka. Mimi niliongezewa nyama. Sikukugawia hata kipande, kwa sababu ulisema tusionekane tunakula pamoja. Hata huko ulikuwa kazini.

Sasa nifike kwenye siku ile. Ni watu wawili tu walioijua sawasawa, na mmoja wao hayupo.

Ilikuwa siku ya pili ya Krismasi, alasiri. Mvua ilikuwa imenyesha, turubai limelowa. Watu walikuwa wengi mpaka wengine wamepanda juu ya paa la kibanda. Tulikubaliana nikubebe hadi begani, si zaidi, nikushushe upande wenye magunia mapya. Nikakubeba. Ukaniminya mara mbili. Ndipo watu wakaanza, "Mpandishe! Mpandishe!" Ilianza kona moja, ikazunguka, ikawa uwanja mzima, mpaka nikaisikia kwenye mbavu zangu. Nikakupandisha juu ya kichwa, mikono yote imenyooka. Ukaniminya kiganja. Mara moja. Ukaminya tena kwa nguvu, mara moja.

Nilisikia.

Nilisikia, nikapiga hatua moja mbele ili walio juu ya paa wakuone vizuri. Mguu ukateleza. Nilikuwa naenda uso kwa uso na nguzo, na mikono yangu ilikuwa imekushika wewe, sina cha kujizuia nacho. Sijui ulifanyaje, na nimefikiria miaka yote hii. Ulijigeuza hewani, ukajipachika kati yangu na nguzo ile. Iliyolia ilikuwa shingo yako na bega lako. Mimi niliangukia juu yako, laini, kama mtu aliyeanguka kitandani.

Ukawa umefumba macho. Nikakuita kwa jina la nyumbani. Ukasema bila kufungua midomo, "Niwekee mguu. Maliza."

Nikakuwekea mguu kifuani. Uwanja ukahesabu moja, mbili, tatu.

Wakanibeba juu, Menradi. Wakanizungusha sokoni, wakanipeleka hadi barabara kuu, wanaimba. Niligeuka mara moja nikaona Mzee Shabani na wapakiaji wawili wamekuinamia. Ningeweza kushuka. Hakuna aliyenishika kwa nguvu kiasi hicho. Niliporudi uwanjani ulikuwa umeshaondoka, umelazwa kwenye kabini ya Fuso, na kwenye turubai kulikuwa na alama ya mwili wako tu kwenye maji.

Ulipelekwa Njombe, baadaye hospitali ya Ikonda. Nilikuja wiki ya tatu. Nilikukuta umefungwa shingo, unamchekesha mgonjwa wa kitanda cha pili. Mama alikuwa amekaa hapo, na ulikuwa umeshamwambia kwamba ulianguka kutoka kwenye lori la mbao. Alikufa akiamini hivyo. Vidole viwili vya mkono wako wa kushoto havikurudi kuhisi kitu. Mzee Shabani alibomoa ulingo kwa mikono yake, na watu walipombembeleza aurudishe aliwajibu neno moja tu, "Haiwezekani." Alirudi kwao Kondoa bila kumwambia mtu sababu.

Ukaoa Matamba, ukalima viazi na pareto, ukaimba besi kanisani. Nami nikabaki huku kupima mbao, na jina la Tingatinga.

Mara moja tu nilijaribu. Nilikuja kukusalimia wakati wa maua, tukapanda na mkeo kuelekea Kitulo, naye akatangulia mbele. Nilisimama, nikasema, "Menradi, siku ile nilikuumiza."

"Uliteleza, kaka."

"Sikuteleza tu. Uliniminya, nikasikia."

Hukunitazama. Ulikuwa unaangalia lile bonde lote lenye maua, na mkono wako mbovu umeuweka mfukoni kwa ajili ya baridi. "Najua ulisikia," ukasema. Kisha ukaongeza, "Lakini watu walikuwa wengi siku ile, eh?"

Ukacheka. Ukaendelea kupanda. Sikujua kama umenisamehe au umenionea huruma, na Jumapili iliyofuata ulipiga simu na habari za Simenti, nikashindwa kuuliza.

Mwezi wa sita kifua kilikubana, baridi ikakumaliza kwa siku nne. Mazishini padri alisema ulikuwa mkulima hodari na mwanakwaya. Ni kweli. Watu wachache waliotoka Makambako walinishika mkono wakasema, "Pole sana, Tingatinga." Hakuna hata mmoja aliyesema Kibaka. Nilitamani mama yule wa kabichi awepo.

Juzi nilikuwa kwa Ombeni, kinyozi wangu pale karibu na stendi. Televisheni yake ilikuwa inaonyesha mieleka, na wateja wameshaanza: huyu anavuta watu, yule anajua kazi. Ombeni, ambaye alikuwa mtoto juu ya paa la kibanda siku ile, akanigeuzia kiti. "Mwulizeni Tingatinga. Mzee, kati yako na marehemu mdogo wako, nani alikuwa bora?"

Nikawaambia. Nilisema mimi nilikuwa gunia lenye sauti, na yeye ndiye aliyekuwa analirusha. Nikawaeleza habari ya kiganja, ya nguzo, ya "niwekee mguu". Sikuficha hata kile nilichokisikia. Kisha mzee mmoja mwenye duka la vipuri akatikisa kichwa kwa huzuni akasema, "Mnaona mtu mwenye utu? Anamheshimu marehemu hadi anajishusha." Wengine wakaitikia. Kadiri nilivyozidi kuapa ndivyo walivyozidi kunisifu.

Nikakasirika. Nikasema, ngoja niwaonyeshe alivyojigeuza. Nikavua koti, nikasimama katikati ya chumba, nikajirusha. Menradi, nilianguka kama gogo. Bega lilitangulia, kichwa kikapiga mguu wa kiti, nywele za watu zikanijaa mdomoni. Wakacheka mpaka machozi, wakaninyanyua, wakanipangusa. "Tingatinga bado ana vituko!" Ombeni akakataa hela ya kuninyoa, akasema nimemfurahisha.

Nikatembea hadi nyumbani na upepo wa huku, ule unaoingia hadi kwenye mifupa. Hapo ndipo nilipokuelewa, nimechelewa. Uliifanya kazi yako vizuri mno. Uliificha hata wenye macho wasiione, na aliyeificha akishaondoka, anayebaki kuijua hana wa kumwonyesha.

Kwa hiyo nimeiandika wazi, kila mtu asome. Wewe ulikuwa bora. Wale watu wote walikuja kwa sababu yako, hata waliokuja wakisema wanakuja kwangu. Nami nilikusikia uliponiminya, nikachagua kelele zao. Wakisoma na kusema tena kwamba najishusha, nitawaambia tena.

Lala salama huko mlimani. Kesho ni Jumapili. Bega langu limevimba tangu juzi, siwezi hata kuinua birika kwa mkono wa kulia, na sijamwambia mtu.

Kaka yako,
Kasto